Nilimwahidi mwanangu kompyuta ya magemu, nikamlipia kifurushi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni baba wa watoto watatu. Natokea Tanga, na huu ni mwaka wa 11 naishi Coventry, Uingereza, ambako nafanya kazi ya ghala zamu ya usiku. Naomba jina langu lisitajwe, kwa sababu mke wangu ni msomaji wako na kijana ninayemwandikia habari zake anasoma Kiswahili vizuri.

Kijana huyo ndiye wa kwanza. Ana miaka 16 na mwezi Mei anaingia kwenye mitihani ya GCSE, ile ya mwisho wa sekondari ya huku. Mwezi Juni mwaka jana, tukizungumza na mama yangu kwa simu ya video, nilimwambia mbele ya bibi yake kwamba akipata alama nzuri katika mitihani ya majaribio ya Desemba nitamnunulia kompyuta ya kuchezea magemu, ile yenye kadi kubwa ya grafiki aliyokuwa akinionyesha kila siku. Bibi akapiga kigelegele, kisha akaniambia mimi, si mtoto, kwamba ahadi ni deni. Wakati huo kompyuta ilikuwa pauni 1,100.

Kijana ametimiza upande wake. Hesabu amepata 8, fizikia 8 na Kiingereza 7, na alama ya juu kabisa huku ni 9. Mimi nilikuwa nimeweka pembeni pauni 1,150. Januari tulipoingia kuitafuta kompyuta ileile, bei ilikuwa pauni 1,430, na kijana akanieleza kwamba ni RAM, yaani chipu za kumbukumbu za kompyuta, ndizo zilizopanda. Wiki hiyohiyo fundi wangu wa Pongwe, kwetu Tanga, akanipigia. Nyumba ninayojenga kule imeshafungwa lenta, na yeye anataka mbao na bati apaue kabla masika hayajaingia.

Shangazi, nyumba hiyo kwangu si anasa. Miaka 11 nimelipa kodi katika nyumba za watu, nimehamishwa mara 3, na watoto wangu wanajua kwamba hata msumari hatupigi ukutani bila ruhusa. Kila siku nawaambia: hapa tumepanga tu, kwetu ni Pongwe.

Kazini nina rafiki, Mkongo wa Bukavu, ambaye aliniambia kwamba siku hizi mtu hana haja ya kununua mashine kubwa. Unalipa ada ya mwezi, gemu linaendeshwa kwenye kompyuta za kampuni huko ziliko, na wewe unaletewa picha kwenye kompyuta yako hata ikiwa chakavu. Wanawe wanacheza hivyo. Nikaona Mungu amenifungulia mlango. Nikalipia huduma moja ya namna hiyo, GeForce Now, daraja la juu, pauni 19.99 kwa mwezi, nikamwekea kwenye laptop yake ya shule, ile ambayo huinyanyua kwa vitabu viwili ili feni ipate hewa. Pauni 700 nikazituma Tanga.

Usiku wa kwanza alifurahi. Nilisimama nyuma yake nikaona magari yanavyong'aa kwenye lami yenye mvua, na feni ya laptop haikulia hata kidogo. Usiku wa tatu, mama yake akiwa sebuleni kwenye simu ya video, na binti zangu wawili kila mmoja na katuni yake, picha ikaanza kuvunjika vipande vipande, na gari likapinda wakati kona imeshakwisha. Intaneti yetu ni ya megabiti 36 kwa sekunde. Kijana akaifunga laptop polepole, akasema: "Asante, baba. Kumbe umenipangia tu, hukuninunulia." Tangu siku hiyo hajaifungua kwa ajili ya gemu.

Hana utovu wa adabu. Anaitikia, anaosha vyombo, anaswali. Ila hakai nami tena sebuleni ninapoamka jioni kabla ya kwenda zamu, na huo ndio wakati pekee tunaoonana. Mke wangu anasema nimevunja ahadi. Rafiki yangu anasema mtoto amedekezwa. Kijana mwenyewe alimwambia mama yake kwamba Google nao walikuwa na huduma kama hiyo wakaifunga, na kwamba alitaka kompyuta hiyo ajifunze pia kutengeneza magemu. Mkopo wa riba siutaki. Je, nimemdhulumu mwanangu, au nimempa kitu kilekile kwa njia ya busara naye hajui thamani yake?

Baba wa Watatu, Coventry

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma kwa ajili ya sentensi moja tu, ile aliyoisema kijana wako alipofunga laptop. Nitaifikia. Kwanza nikurudishie shauri lako kama nilivyolielewa, ili kama nimekosea ujue nilipokosea: uliahidi kitu kwa jina lake, mbele ya shahidi mzito; bei ya kitu hicho ikapanda; nyumba ikadai bati kwa wakati uleule; ukapata njia ambayo ilionekana kutimiza yote mawili, na mtoto aliyefanya yote aliyoambiwa akaipokea kwa heshima na kuiacha. Sasa unaniuliza kama umempa kitu kilekile.

Tuanze na hilo neno, kitu kilekile. Kijana anapobonyeza kitufe chumbani kwake, amri hiyo inasafiri hadi kwenye seva, yaani ile kompyuta ya kampuni, seva inachora picha, inaibana iwe video, inairudisha Coventry, na laptop inaifungua na kuionyesha, na haya yote yanatakiwa kujirudia mara 60 kwa sekunde, yaani kila picha ina muda wa milisekunde 17 hivi. Ndiyo maana feni haikulia: laptop ilikuwa inatazama video, haikuwa inachora chochote. Kwa upande wa umbali wala huna shida. Tuseme seva iko London: Coventry na London zimeachana kwa kilomita 150 hivi, na mwanga ndani ya nyaya huenda kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kampuni yenyewe inaeleza kwamba picha ya ubora wa kawaida, uitwao 1080p, kwa picha 60 kila sekunde inahitaji megabiti 25 kwa sekunde, na ile kali zaidi, 4K, inahitaji 45. Ninyi mna 36 kwa nyumba nzima. Toa 25 za kijana, zinabaki 11 za mkeo na binti zako wawili, na kama ruta iko chini na chumba chake kiko juu basi hata hizo 25 hazimfikii zote. Usiku wa tatu haukuwa bahati mbaya. Ndio usiku wa kawaida wa nyumba yenye watu watano.

Kwa hiyo kabla hujaamua kwamba huduma yenyewe ni mbovu, au kwamba mtoto hana shukrani, lipo jambo dogo la kujaribu: nunua waya mrefu wa mtandao, uupitishe kando ya ngazi kutoka kwenye ruta hadi kwenye laptop, kisha mjaribu saa mbili usiku kila mtu akiwa nyumbani, na mpunguze ubora wa picha kwenye mipangilio. Waya hautaongeza megabiti, lakini utaondoa kukatika-katika kwa Wi-Fi, na mara nyingi huko ndiko ugonjwa uliko. Hatari yake ni kwamba mnaweza kugundua kuwa hata hivyo hazitoshi, na hapo utajikuta unalipia intaneti kubwa zaidi, gharama ambayo rafiki yako wa Bukavu huenda hakukutajia kwa kuwa kwake ilikuwapo tayari.

Kuhusu Google, kijana wako amesema kweli. Huduma iliitwa Stadia. Ilifunguliwa Novemba 2019, mwezi Septemba 2022 ikatangazwa kwamba itafungwa, na tarehe 18 Januari 2023 ikazimwa. Waliokuwa wamenunua magemu na vidhibiti katika duka lake walirudishiwa fedha zao, jambo ambalo ni la kuungwa mkono, lakini gemu lenyewe mtu hakubaki nalo popote, na wengi walipoteza safari yote waliyokuwa wamefika ndani yake. Kabla ya hapo ilikuwapo OnLive, iliyofunguliwa Marekani mwaka 2010 na kufungwa mwaka 2015. Mtoto wa miaka 16 anayeijua historia hiyo hajadekezwa, mwanangu. Amefanya utafiti juu ya kitu anachokipenda, kama wewe unavyoujua ubora wa bati kwa geji yake.

Lakini na yeye lipo la kuulizwa kwa upole. Huduma uliyomlipia haifanani na Stadia katika jambo moja kubwa: haiuzi magemu. Mtu huleta yake aliyonunua kwenye Steam au duka jingine, na huduma ikifungwa kesho, gemu bado lipo kwenye akaunti yake, linangoja mashine. Zipo huduma nyingine, kama ya Xbox, ambako sehemu kubwa ya magemu huja pamoja na ada na huondoka nayo. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya bei. Hata hivyo ulinzi huo una tundu: mwezi Februari 2020, GeForce Now ilipotoka tu kwenye majaribio, kampuni ya Activision Blizzard iliyaondoa magemu yake, na wachezaji waliokuwa wameyanunua hawakuweza tena kuyachezea huko ingawa yalibaki kuwa yao. Na hata mwenye kompyuta kubwa chumbani hana umiliki kamili kama anavyofikiri, kwani tangu Oktoba 2024 Steam humwambia mnunuzi waziwazi kwamba anacholipia ni leseni. Mashine ni yake. Gemu lililo ndani ni ruhusa. Mweleze hayo kama unavyozungumza na mtu mzima, wala usiyatumie kumshinda, maana mtoto anaposhindwa kwa hoja hunyamaza zaidi.

Sasa pesa. Pauni 1,430 ukizigawa kwa 19.99 unapata karibu miezi 72, yaani miaka 6, na daraja la chini yake, la pauni 9.99, lingekwenda karibu miaka 12. Hesabu hiyo inaifanya ada ionekane nafuu mno, na kuna umeme wa kuongeza upande wa mashine: kompyuta ya namna hiyo ikiwa kwenye gemu zito inaweza kula wati 400, ambazo kwa saa 3 kila siku hufika uniti 36 kwa mwezi, na kwa bei ya peni 28 hivi kwa uniti ni kama pauni 10. Umeme peke yake unakaribia ada ya daraja la kati. Ila mashine baada ya miaka 4 unaweza kuiuza, au kuibadilishia kadi tu, na ada ya miaka 4 haina mtumba. Tena kompyuta hufanya kazi ambazo huduma hiyo haifanyi kabisa. Mkeo alikwambia kwamba kijana anataka kujifunza kutengeneza magemu, na wewe umeliandika hilo kwa nusu sentensi, karibu na mwisho, kana kwamba ni jambo la pembeni. Programu za kazi hiyo, kama Blender na Godot, ni za bure, lakini hazifunguki ndani ya GeForce Now. Kwenye laptop ile inayoinuliwa kwa vitabu viwili zinaweza kufunguka, na zitatambaa. Hili ndilo ningelitamani umuulize yeye mwenyewe: kama kutengeneza magemu lilikuwa neno la kupamba ombi, au ndilo lililokuwa ombi lenyewe.

Lipo pia la safari. Kama mnapanga kwenda Tanga likizo, jueni kwamba nyaya za baharini kutoka pwani yetu hadi Ulaya, kupitia Bahari ya Shamu, ni zaidi ya kilomita 8,000, na kwenda na kurudi tu kunamaliza milisekunde 80, ambazo ndizo kikomo cha ucheleweshaji kinachokubaliwa na huduma. Atakapokuwa kwa bibi yake hatakuwa na cha kucheza wala cha kumwonyesha yule aliyempigia kigelegele.

Ulichonacho mkononi, kwa hesabu yako, ni pauni 450 hivi. Unaweza kungoja ukusanye upya, lakini bei usiitegemee. RAM zilipanda mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba, na Micron, kampuni inayotengeneza chipu hizo, ilitangaza Desemba kwamba inaacha kuuza RAM za chapa yake ya Crucial kwa wanunuzi wa kawaida. Wanaofanya uamuzi kama huo hawatarajii mambo kurudi haraka. Unaweza kutafuta kompyuta iliyotumika yenye kadi ya miaka michache nyuma, ambayo kwa 450 inapatikana ukiwa mvumilivu, na hapo atakuwa na mashine yake na mahali pa kujifunzia, lakini utabeba hatari ya kununua ugonjwa wa mtu mwingine, na si ile aliyokuonyesha. Unaweza kuendelea na ada mpaka mitihani ya Mei na Juni ipite, kisha mjadili mashine, na wazazi wengi wangeupenda mpango huo kwa kuwa chumba hakitakuwa na kishawishi wakati wa kusoma. Mimi nauona ubaya wake mmoja: kwake utasikika kama ahadi inayosogezwa mbele kwa sharti jipya, ambalo hakuambiwa Juni. Ukiuchukua, uchukue pamoja naye, na tarehe iandikwe.

Nirudi kwenye ile sentensi. Umeniuliza kama mwanao hajui thamani ya kitu. Sasa soma tena ulichoniandikia kuhusu Pongwe, ukianzia kwenye msumari. Miaka 11 umewafundisha watoto kwamba kulipa kila mwezi katika nyumba ya mtu si kuwa na nyumba, hata kama paa halivuji na maji ya moto yapo. Umewafundisha vizuri. Kijana alipotafuta neno la kueleza kilichomuuma, hakulitoa shuleni wala mtandaoni. Alilitoa kinywani mwako. Hakusema picha ni mbaya, ingawa ilikuwa mbaya. Alisema umenipangia. Sidhani kama ni lawama tupu hiyo. Nasikia ndani yake mtoto anayekuuliza kama somo lile linamhusu na yeye.

Na je, anajua kwamba pauni 700 zilikwenda kwenye bati? Barua yako haisemi. Inasema uliiona njia, ukalipia, ukamwekea, ukatuma. Ulifanya yote hayo peke yako, kwa mapenzi, baada ya zamu, na ninakuheshimu kwa hilo. Lakini yeye aliona tu kwamba kitu kimebadilishwa na kingine, bila kuambiwa kwamba kulikuwa na paa la kuwahi mvua. Huenda angekubali kungoja kama angeombwa. Huenda asingekubali, na angekuwa na haki ya kusema hivyo, kwa kuwa deni lilikuwa lake. Yote mawili ungeyajua kwa kumuuliza. Mkeo anaposema umevunja ahadi na rafiki yako anaposema mtoto amedekezwa, wote wawili wanamzungumzia mtu ambaye hajaulizwa bado.

Kama ningekuwa karibu, ningekuomba umtangulie siku moja. Usisubiri ashuke sebuleni. Amka nusu saa mapema, umgongee mlango, ukiwa na picha aliyokutumia fundi ya boma lenye lenta, na hesabu yako yote kwenye karatasi, zilizokwenda na zilizobaki. Mwonyeshe. Mwambie ulipobanwa na ulichokichagua, na kwamba ulikichagua bila yeye. Kisha mwachie kalamu apange zile 450 na miezi inayokuja kama angekuwa ndiye anayelipa, na usikilize bila kumsahihisha mpaka amalize. Anaweza kukuambia waya wa mtandao unatosha kwa sasa. Anaweza kukuambia anataka iliyotumika. Anaweza kusema anataka ileile ya Juni na kwamba yuko tayari kungoja hadi mwakani, na hapo mama yako anaweza kupigiwa simu tena awe shahidi wa tarehe mpya.

Ukishazungumza naye niandikie, mwanangu. Nitapenda kujua alivyoigawa karatasi ile, na kama katika hesabu yake bati za Pongwe alizipa fungu.

Shangazi